Namba ya Mulewa

Jumatatu naosha mawe haya ya Malindi
kwa brashi na maji matupu; sabuni imekatazwa.
Yako saba. Jina, umri, namba ya askari.
Wa tatu ana miaka kumi na tisa.
Namwita kijana.

Babu Mulewa naye alipewa namba,
kisahani cha bati shingoni
na sanduku la risasi kichwani.
Akatoka Jilore, akapotelea ng'ambo ya Ruvuma.
Namba yake hakuna aliyeikariri.

Nyumbani tumemchomekea koma,
kijiti chenye kitambaa chekundu.
Mchwa wamefika kiunoni.

Jana, kabla sijafunga lango,
nilimmwagia kijana tembo la mnazi, kidogo tu,
asije akaniona mkaguzi.
Nikasema: ukimkuta babu huko,
angali kajitwika,
mtue.