Tundu la Saba

Mimi hununua vyuma kwa kilo, kama watu wanunuavyo nyanya.
Shimanzi, nyuma ya maghala, Mulwa ananijua.
Akikiona kikapu changu cha ukindu hupaza sauti:
"Mama Chuma! Leo kuna karai,
leo kuna cha chapati kimekatika mkono."
Simuulizi vimetoka wapi.
Chuma hakina cheti cha kuzaliwa.

Ninavyo kumi na vinne, chini ya kitanda, juu ya kabati,
kimoja chazuia mlango usipigwe na upepo.
"Nyumba hini yazama, mama," asema Nuswaiba,
"ghorofa ya mbao, Kibokoni, siku moja tutaamka
tuko kwa Bi Shekue, na vikaango vyako kifuani."
Yeye ana kikaango chepesi, yai lateleza lenyewe.
Na liteleze.
Hicho ni cha tatu mwaka huu;
viwili vilichubuka ngozi, vikatulisha magamba.

Jumanne, wiki moja kabla ya mfungo,
juu ya mizani ya Mulwa,
kati ya gia ya lori na bomba la choo,
matundu saba yamejaa kutu,
sita yamelizunguka moja kama wageni na sinia.
Nikatia kidole.
La kati lina ufa mdomoni,
mdogo, ukucha wa mtoto.
"Kilo tatu na robo," akasema.
Sikubishana bei. Hapo ndipo aliponishuku.

Bi Mwanasha wa Kuze alikuwa na chuma cha tundu saba.
Kabla ya adhana tuliusikia msumari wake
ukivigeuza: ti, ti, ti.
Kitumbua cha kati kilitoka na kovu kila siku,
nasi tulikigombea mpaka tukakipa jina, Sultani;
aliyekula Sultani hakutumwa dukani siku hiyo.
Alipokufa, mwanawe Bwanaheri akaleta jiko la gesi.
Asubuhi mkokoteni ulisimama mlangoni.
Jioni ua ulikuwa mweupe.

Siku ya kwanza, siki.
Siku ya pili, mchanga na kumbi la nazi,
nikasugua mpaka viganja vikanuka damu.
Sabuni usikitie, chuma na sabuni hawaamkiani.
Siku ya tatu, makaa,
kipande cha kanga kuukuu, mafuta ya nazi,
paka, futa, choma, paka tena,
lakini kidogo tu: ukizidisha hunata
kama mgeni asiyejua kuaga.
Moshi ukashuka ngazi kabla yangu.
"Mwaunguza nini huko yuu?" akaita Bi Shekue.
"Umri," nikamjibu, "waiva polepole."

Mchele uliolala majini, tui zito, hamira, iliki.
Duru ya kwanza vilishika; hivyo ni vya paka.
Duru ya pili vilikuja na machozi.
Duru ya tatu nikatia msumari, nikageuza,
kikazunguka chenyewe, kimekauka ukingo,
na pale ubavuni,
kovu.

Nilivifunga katika gazeti, vingali moto,
nikaenda kwa Bwanaheri, kibandani mwake,
mzee sasa, atengeneza saa ambazo wenyewe hawazirudii.
Sikusema neno. Nilimpa kile kimoja.
Akavaa jicho lake la kioo,
akakitazama kovu kama aliyetafuta jino lililovunjika,
akakigeuza, akanusa, akakirudisha kwenye nuru.
"Si chenyewe," akasema. "Cha mama kilipasuka upande wa kushoto."
Kitumbua ni duara, nikataka kumwambia,
kushoto kwake ni wapi?
Nikanyamaza. Huenda ana haki.
Vyuma vingapi vimepasuka Mombasa hii?

Akala. Akapangusa vidole kwa kitambaa cha saa.
Akatia mkono gazetini, akachukua cha pili, kisicho na kovu,
nacho akakimaliza.

"Shilingi kumi na nane," akasema,
wala hapana aliyemuuliza.
"Vyote. Pamoja na kinu."