Unyevu

Mwezi wa pili, Sudbury. Ziwa limekuwa barabara.
Réjean anatoboa barafu kwa keekee ndefu kuliko mimi,
akitukana kwa Kifaransa cha kwao, taratibu,
kama mtu anayesoma uradi.
Tunashusha bomba, mita kumi na nne za giza,
tunavuta: tope, urefu wa mkono,
leo ikiwa juu, babu zake leo wakiwa chini.

Profesa Hautamäki ananifundisha kulisoma.
Hapa juu, kahawia: miaka walipopandisha chokaa mlimani
kwa magunia, wanafunzi na wachimbaji waliokosa kazi,
mpaka nyasi zikakubali.
Chini yake, utepe mweusi: moshi wa nikeli
ulipokula misitu, ukaacha mawe yamevaa masizi.
Chini zaidi, kijivu kisichotujua.
"Ziwa halisahau," anasema,
"ila halisemi mpaka uliulize kwa asidi."

Basi mimi ndiye muulizaji.
Chumba cha tatu, ghorofa ya chini, chuo ambacho
nikikitaja, watu wa Toronto huniuliza: kiko wapi?
Mashine yetu ni ya mkono wa pili,
feni inakohoa; Réjean ameikaza kwa waya wa kutundikia makoti.
Lakini moto wake wa agoni, jamani,
moto unaoushinda uso wa jua kwa joto
ndani ya tundu lisilotosha dole gumba,
ukilamba tone moja tu la tope
huitaja nikeli kwa rangi ya mwanga wake,
kama mama anavyomjua mwanawe kwa hatua za mlangoni.

Kwanza, lakini, mizani.
Nafunga vioo vyake pande zote; pumzi yangu tu
yatosha kuidanganya. Desimali nne. Nasubiri.
Tarakimu ya mwisho inacheza: tatu, nne, tatu,
haijaamua kama inaniamini.
Kisha tanuri, nyuzi mia na tano, usiku kucha.
Napima tena, natoa unyevu,
naandika daftarini: unyevu, asilimia sabini na moja,
jumlisha au toa sifuri nukta tatu.

Unyevu.
Neno hilo nimekua nalo.
Baba alikuwa karani wa mizani, ghala la pamba, kwetu Maswa.
Pamba ilikuja kwa mikokoteni ya ng'ombe
mwezi wa saba, wakati hata mate ni ya kuazima,
na kila gunia, kilo mbili: unyevu.
Wakulima walitazama mshale,
wakatazama mikono yake,
wakachovya dole gumba kwenye wino.

Jumapili nampigia. Kwangu saa sita mchana,
kwake saa mbili usiku.
Anauliza ninasomea nini siku hizi. Tope, namwambia.
Anacheka. Miaka sita ng'ambo, tope!
Namweleza tanuri. Namweleza kuwa huku
namba haitembei peke yake; kila namba
hubeba ubavuni kiasi inachoweza kuwa imekosea,
na asiyekiandika haaminiwi
hata akiwa sahihi.

Kimya. Nasikia redio yake, na mbuzi wa jirani.
"Sisi hatukuwa na tanuri," anasema.
"Tuliambiwa kilo mbili."
Halafu, salio langu likikaribia kwisha:
"Nilikuwa naishika ile pamba, Nkwimba.
Ilikuwa kavu.
Ilikuwa kavu kama karatasi."

Jumatatu, sampuli ya arubaini na mbili.
Réjean anauliza mbona napima mara ya tatu
kitu kilekile. Namwambia mkono haujatulia.
Hasemi kitu. Anasogeza kahawa yake mbali na meza,
anazima feni, anaenda kufunga mlango
ili upepo wa ukumbini usije ukagusa.

Tatu. Nne. Tatu.
Naziandika zote.