Uga

Kamusi inasema uga ni kiwanja cha nyumba.
Kitabu cha fizikia kinasema uga ni wa sumaku.
Nimekulia katika ule wa kwanza, kule Rwampara,
nikizoa samadi kabla ya shule,
na huu wa pili nimeusuka kwa mikono:
waya wa shaba, mizunguko mia moja na arobaini,
gundi, nyuzi za kioo, vidole vyenye malengelenge.

Naitrojeni ya majimaji tumeomba kwa watu wa mbegu za fahali.
Byarugaba kaileta kwa bodaboda, mtungi mapajani,
ukifuka moshi baridi hata askari wa barabarani
wakamsimamisha: "Unapika nini humo?"
"Hewa," akajibu. Wakamwacha aende.

Saa nane usiku. Mbarara imelala, umeme umetulia;
wa mchana hauaminiki.
Kapasita zimeshiba, zinavuma kama nyuki walioudhiwa.
Ndani ya koili, fuwele yangu ya kobalti ya Kilembe,
ndogo kuliko punje ya mtama,
na ndani ya fuwele elektroni zisizohesabika,
kila moja ikitazama inakotaka.

Nabonyeza.

Tesla kumi. Kumi na nane. Ishirini na tatu
(haya niliyasoma baadaye, jicho halina kasi hiyo),
zote zikageuza vichwa kwa pamoja
kama kundi lililonusa chumvi ya Katwe.
Kisha kishindo.
Miezi minne ya kusuka, milisekunde tisa za kuishi,
na harufu ya shaba iliyoungua.

Byarugaba hasemi pole. Ananipa ufagio wa pili.

Asubuhi profesa anauliza tumepata nini.
Namwonyesha mstari: unapanda, unapanda,
halafu, karibu na mwisho, unapinda kidogo.
"Kelele hizo," anasema. Huenda.
Huenda ni koili iliyolia kabla ya kufa.
Huenda ni kobalti, ina neno.

Maabara kubwa ya ng'ambo hutoa siku tatu
kwa anayeomba vizuri. Fomu inauliza
miaka ya uzoefu. Naandika: miwili.
Ushahidi wa awali. Nabandika ule mpindo,
naufuta, naubandika tena.

Mama anapiga simu: ndama wa jana ameshasimama ugani,
ila mguu mmoja wa nyuma umepinda kidogo.
Nimeshika kalamu kabla sijajijua.
Umepinda kuelekea wapi, mama?
Na kwa kiasi gani?