Ukurasa wa Pili

Miaka saba, ghorofa ya tatu, Ghala,
nimeuliza swali moja kwa lugha nne:
Unaweza kuanza lini?
Wote walijibu: hata kesho.
Nikaandika: Anafaa. Nikagonga muhuri.
Nikaenda uwanja wa ndege na kibao cha majina,
nikawahesabu mlangoni kama mtu ahesabuye chenji,
nikawakabidhi kwa dereva wa basi la kambi;
likishakata kona, kazi yangu imekwisha.

Mwezi wa Shaabani Bwana Hilal akaniita:
“Ghaniya, shuka chini. Utumishi wanataka mtu.”
Nikacheka. Mimi wa mlangoni,
mambo ya ndani nitayajulia wapi?
Mama, ambaye Kiswahili chake cha Wete
hakijaguswa na miaka arobaini ya Maskati,
akasema: “Mwenye kukaribisha wageni
asijue jikoni kumepikwa nini,
huyo, mwanangu, ni bawabu.”

Basi nimeshuka. Ngazi arobaini na mbili.
Kabati la chuma, droo inayokwama.
Kila faili, ukurasa wa kwanza ni mwandiko wangu.
Sikujua kuna wa pili.

Likizo iliyokataliwa. Kidole kilichobaki kwenye mashine.
Mkopo wa mahari, umelipwa nusu.
Ombi la kuhamishwa chumba:
mwenzangu hulia usiku, nami naogopa kumuuliza.

Jumapili, wiki haijafungua macho,
akaingia Shekue wa Muheza, fundi wa majokofu.
Nilimsaili mimi, kwa video;
shati lake jipya lilikuwa bado na mikunjo ya dukani.
Leo ana mvi ndevuni.
Baba yake alikuwa mgonjwa, akaomba ruhusa;
karatasi imekaa siku tisa ikingoja sahihi.
Mzee kazikwa Alhamisi.

Hakupandisha sauti.
Alikaa ukingoni mwa kiti, vilevile kama siku ile.
Mezani nilikuwa na kanuni, kifungu na nambari yake,
na bilauri ya maji.
Nikasogeza maji.

Akanywa yote. Nje, kreni ilikuwa inapiga king'ora.
Kisha mdomo wangu, wenye mazoea yake,
ukaanza: “Unaweza kuanza...”
nikaushika njiani.

“Unaweza kuondoka lini?”
“Hata leo,” akasema.

Nikatia sahihi. Kisanduku cha cheo kipya ni kidogo,
mkono haujakizoea;
jina langu likatoka nje ya mstari.