Ukuta wa Kumi na Saba

Tulikuwa kumi na mmoja katika vyumba viwili.
Tulilala kwa zamu:
Jusipi akirudi kutoka kwenye jenereta
hunigusa goti, nami humwachia joto la godoro.
Dada yangu Siasi alisomea bafuni,
kitabu juu ya mashine ya kufulia,
na kila mwenye haja alipiga hodi
kwa aibu ya mgeni katika nyumba aliyozaliwa.

Miaka sita jina letu lilikaa kwenye orodha.
Mwaka wa saba tukapanda hadi nambari tatu.
Hakuna nyumba iliyojengwa;
wawili waliotutangulia walifariki.
Mama alilisema hilo kama mtu anayehesabu vijiko.

Agosti barafu ikaiachia ghuba.
Meli ikaja, ile moja ya mwaka.
Gati hatuna. Tishari ikasukumwa hadi kwenye changarawe
na nyumba yetu ikashuka imelala chali,
imefungwa nailoni kama nyama ya dukani:
sakafu, kuta, paa, madirisha ya vioo vitatu vitatu,
kila kipande na nambari yake nyekundu.
Tamusi, mdogo wetu, akaukimbilia ukuta usio na nyumba
akaugonga. "Hodi."

Huku hakuoti mti.
Nyumba haichimbiwi msingi;
husimama juu ya miguu ya chuma
isije ikaiyeyusha ardhi inayoibeba.

Fundi Réjean, aliyetoka kusini kwa ndege ndogo,
alizisoma nambari kwa sauti
nasi tukaleta, tukainua, tukakaza parafujo.
Ndani ya ukuta wa tisa mtu alikuwa ameandika kwa penseli:
*Nimepima mara mbili. Ginette.*
Sijui Ginette analala wapi.
Sijui kama yeye naye yuko kwenye orodha.

Kumi na tano. Kumi na sita.
Kumi na nane.

Réjean akahesabu upya.
Akapiga simu kiwandani, akasubiri, akavua kofia.
Uko huku, walisema, umeegemea mlango wa ghala.
Samahani sana.
Meli ilikuwa imeshaizunguka rasi.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta, husemwa.
Sisi nyufa tuliziba miaka yote,
kwa matambara, kwa gundi, kwa migongo yetu,
na ukuta wenyewe ndio umesahaulika.

"Tufunike turubai," alisema Réjean, "hadi Agosti."
Mama alilitazama lile pengo,
mita mbili na nusu za upepo,
kisha akaenda ufukweni na nyundo
akaanza kuyavunja makasha.

Kanuni, alisema Réjean. Bima. Muhuri wa mkaguzi.
Mama aling'oa msumari, akaunyoosha juu ya jiwe,
akauweka mfukoni.
Jioni Réjean akamshikia ubao wa kwanza,
akiangalia upande wa bahari,
ili ikibidi aape kwamba hakuona.

Mbao mbili mbili, katikati sufu ya kioo iliyosalia
na hema kuukuu la marehemu baba.
Ukuta mzima umejaa mishale na neno JUU,
na mishale mingine inaelekea chini.

Usiku wa kwanza kila mtu alikuwa na kitanda
na hakuna aliyelala.
Kimya kilikuwa kingi mno.
Saa nane nikasikia mlango wa bafu:
Siasi, na kitabu chake.

Januari upepo ulipotujia, kuta za kiwandani zilinyamaza.
Ule wa Mama ulilalamika usiku kucha,
lakini haukuachia.

Agosti iliyofuata kumi na saba akafika, peke yake,
amefungwa vizuri, na barua ya kuomba radhi.
Hatukumbadilisha na wa Mama.
Tulimsimamisha kando ya nyumba, akaegemea.

Jirani yetu Markusi, wa nambari nne kwenye orodha,
hupita hapo jioni baada ya kazi.
Humpima kwa hatua zake,
hugeuka,
hupiga hatua nyingine tano pasipo na kitu,
kisha husimama pale,
kama mtu aliyefika chumbani.