Vishimo Tisini na Sita

Kaohsiung, ghorofa ya saba, saa nane za usiku.
Kabati lina nyuzi thelathini na saba,
joto la kinywa kilichofumbwa.
Humo nafuga seli za ulimi
wa mtu nisiyemjua jina.
Nazinywesha maji ya rangi ya waridi;
zinanawiri tu, hazina adabu ya kufa.

Baba aliendesha lori hadi Keelung na kurudi,
popoo shavuni badala ya usingizi.
Miaka ishirini na mitatu alitema wekundu dirishani.
Kisha kidonda, punje ya mchele chini ya ulimi.
"Kitapita," alisema.
Hakikupita.
Kinywa ni jumba la maneno:
lake walilibomoa ukuta mmoja,
nasi tukajifunza kusoma nyusi.

Mama ana kisukari.
Kila asubuhi, baada ya uji wa viazi vitamu,
humeza metformini, kidonge cheupe
kisicho na makuu.
Sisplatini, dripu ya Baba, ilikuwa na makuu yote:
ilimtapisha, ikamziba masikio,
ikaenda kubisha hodi kwenye figo.
Chumba kimoja, meza moja,
dawa zao hazikuwahi kusalimiana.

Leo nimezikutanisha.
Safu hii dripu peke yake,
safu hii kidonge peke yake,
na ile ya tatu nimezichanganya,
mkono ukitetemeka kama wa mshenga
asiyejua mahari itapokelewa.

Seli iliyo hai hugeuza njano kuwa zambarau.
Nikangoja saa nne. Nikala biskuti mbili.
Ya kwanza: zambarau, imefifia.
Ya pili: zambarau ya biringani, kama kwamba hakuna aliyeguswa.
Ya tatu
njano.
Njano ya chai iliyosahauliwa.

Profesa Liao akajibu kwa simu, sauti ya mtu aliyeamshwa:
"Rudia mara tatu, Shu-fen. Sahani si mdomo."
Najua.
Sahani haina figo, haina mke,
haiombi maji usiku kwa kuandika kiganjani.

Mama naye alipiga: "Umekula?"
Nikasema nimekula.
Sikumwambia kidonge chake kilikuwa wapi usiku huu,
na nani.

Naandika daftarini: *rudio la kwanza.*
Nazima taa.
Kule chini kibanda cha popoo kinawaka kijani;
lori limesimama mbele yake,
injini haijazimwa.