Mkono Usiolambwa

Leo stempu mpya zimefika, saa nne na robo,
karatasi ishirini zenye stempu kumi kumi,
zimefungwa kwenye plastiki kama vipande vya jibini.
Mada ya mwaka huu ni Kazi za Mikono.
Kwenye ile ya kroni kumi na tisa
kuna mkono wa mama yangu.

Jina lake hawakuliweka.
Chini, kwa herufi ndogo kuliko kupe wa kondoo,
wameandika Ufumaji, na jina la visiwa vya Faroe, basi.
Atakayeinunua ataona sufu, sindano mbili,
na kidole gumba kilichopinda kuelekea nje
kama mlango uliochoka bawaba.
Mimi namwona kondoo dume wa Jákup
alipombana mama zizini, majira ya kukata manyoya,
nami nina miaka sita, nimeshika taa.

Hanus mchonga nakshi alikuja Septemba.
Alikaa jikoni kwetu siku mbili, akala viazi vyetu,
akasema, "Billa, usiniangalie, fuma tu."
Mama aliona haya, akanawa mikono mara tatu,
kana kwamba kalamu ya risasi inanusa.
Makao makuu walipouona mchoro waliandika:
kidole kinyooshwe, kinasumbua jicho.
Hanus akajibu kwa postikadi, neno moja: Hapana.
(Niliisoma. Karani wa posta ya kijiji
asiyesoma postikadi, nionyesheni, nimpe mshahara wangu.)

Mama alifariki Machi, tarehe sita.
Ukungu uliukalia uwanja wa ndege siku nne;
ndege ilizunguka, ikarudi Denmark
na kaka yangu Tróndur ndani yake, na suti yake nyeusi.
Tulimzika bila yeye. Majirani walinipa mkono
mmoja mmoja, mlangoni pa kanisa,
mikono minene, mikono baridi, mikono yenye harufu ya dizeli,
na mimi, kwa ugonjwa wa kazi, nikaihesabu: thelathini na saba.

Sasa kazi ni hii. Wakusanyaji wa ng'ambo
wametuma bahasha zao, mia moja na arobaini,
wanataka mhuri wa siku ya kwanza, duara kamili,
wino mweusi, tarehe isomeke.
Mhuri wenyewe ni wa chuma, mpini wa mti
uliong'arishwa na viganja vya makarani watatu kabla yangu.
Nimeunyanyua. Nimeushusha mezani.
Nimechemsha kahawa.
Nani amewahi kulipwa amgonge mama yake
mara mia moja na arobaini kabla ya chakula cha mchana?

Nikagonga pembeni, juu ya sufu, juu ya bei,
pale unapoanzia mkono wa sweta.
Vidole nikaviacha.
Bwana Wendelin wa Linz ataandika kulalamika,
huandika kila mwaka, kwa rula na wino wa kijani.
Aandike. Barua yake nayo italipiwa stempu.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.
Huu si mtupu, umeshika nusu ya soksi
(nusu yenyewe ingali kapuni, sindano zimo),
na bado haulambwi: stempu za siku hizi
zina gundi yake mgongoni, unabandua, unabandika.
Mama hakuzipenda. Alisema barua isiyoonja mate
ni mtoto aliyetumwa dukani bila kuagwa.

Saa nane, kabla ya kufunga, nimenunua moja.
Nimelipa kroni kumi na tisa, nimejiandikia risiti.
Ndani ya bahasha, kipande cha uzi wa kijivu
na mstari mmoja: Tróndur, huu ndio mkono ulioukosa.
Nikabandika. Halafu, pazia la dirisha likiwa chini,
nikailamba, upande wa picha.
Ilikuwa na ladha ya karatasi.

Hii sikuipiga mhuri.
Imeingia guniani hivyo hivyo.
Wakigundua huko mjini, watanitoza faini.